Bondia Mpya Asiharakishwe Ulingoni



Katika vijiji vyetu vya Songea vijana wengi wanapenda mpira wa miguu. Lakini sasa wapo pia wanaopenda ngumi. Wanaziona kwenye televisheni. Wanaziona kwenye simu. Wanaona mshindi akiinuliwa mkono na kuvishwa mkanda. Nao wanasema, "Na mimi nitakuwa bondia."

Mimi siwapingi. Ngumi ni mchezo wenye sheria, na umeiletea nchi yetu sifa. Ninachopinga ni haraka. Kijana amejifunza wiki tatu tu. Hajui kujikinga. Hajui kupumua. Mara anapelekwa kupigana mbele ya watu. Anapigwa kichwani mpaka anaanguka. Watu wanacheka na kusema, "Mwache apigwe, atazoea."

Maneno hayo si ya kweli. Nataka tuyazungumze, wewe na mimi. Kijana huyo anaweza kuwa mwanao. Anaweza kuwa mdogo wako. Anaweza kuwa wewe mwenyewe unayesoma.

Mkulima mgeni akishika jembe, viganja vyake hupasuka. Baada ya siku nyingi viganja huota sugu. Hapo haumii tena. Lakini ubongo hauoti sugu. Ubongo ni laini. Umekaa ndani ya fuvu kama kiini cha yai ndani ya ganda. Kichwa kikipigwa kwa nguvu, ubongo hutikisika. Mishipa midogo ya damu inaweza kupasuka. Damu ikivuja ndani ya fuvu haina pa kutokea. Huubana ubongo, na mtu anaweza kufa. Hata asipokufa siku hiyo, madhara ya kupigwa mara nyingi hujikusanya. Baada ya miaka mingi mtu anaanza kusahau. Maneno yake yanakuwa mazito. Hasira zake hazina sababu.

Haya si mambo ya kutishana. Desemba 2024 bondia mmoja wa kulipwa alifariki Dar es Salaam baada ya kuangushwa ulingoni. Jirani zetu wa Kenya wanamkumbuka Robert Wangila Napunyi. Mwaka 1988 alipata medali ya dhahabu ya ngumi katika Michezo ya Olimpiki ya Seoul. Alikuwa bondia wa kwanza wa Kenya kuipata. Baadaye akaingia ngumi za kulipwa. Julai 1994 alipigana Las Vegas, Marekani. Alipigwa, akapelekwa hospitali, akafariki. Huyo alikuwa bingwa wa Olimpiki. Je, kijana wa wiki tatu atapona kwa bahati tu?

Sasa tujiulize. Uzoefu wa ngumi ni nini?

Wengine hudhani uzoefu ni kuhesabu mapambano. Aliyepigana mara kumi amemzidi aliyepigana mara mbili. Mimi nasema hapana. Kama katika mara hizo kumi alikuwa anapigwa tu, amejifunza nini? Amejifunza kufumba macho. Amejifunza kuogopa. Uzoefu ni kujua ufanye nini mwenzako akija, na kukifanya bila kufikiri sana, hata ukiwa umechoka. Hilo hupatikana mazoezini. Ulingoni unakwenda kuonyesha ulichokileta.

Ninyi wakulima wa tumbaku mnajua kitalu. Mbegu ikiota leo, hampeleki mche shambani kesho. Mche hukaa kitaluni. Mnaumwagilia maji. Mnaufunika jua lisiuchome. Ukipata nguvu, ndipo unahamishwa. Bondia mpya naye yuko kitaluni. Anayemtoa mapema anaua mche.

Wahenga walisema, mwanzo wa ngoma ni lele. Mwanzo wa ngumi ni miguu. Watu hushangaa wakiambiwa hivyo. Wanadhani ni mikono. Lakini bondia asiyejua kusimama hawezi kupiga, na hawezi kukwepa. Anayetumia mkono wa kulia hutanguliza mguu wa kushoto. Magoti yalegee kidogo. Kisigino cha nyuma kiinuke kidogo. Akienda mbele, mguu wa mbele unatangulia, wa nyuma unafuata. Akirudi nyuma, wa nyuma unatangulia. Miguu isipishane, maana ikipishana hata mtoto anaweza kumwangusha. Kijana anayecheza lizombe vizuri ana faida hapa. Tayari anajua kusikiliza miguu yake. Mwalimu wa ngumi mwenye busara hawezi kuidharau ngoma.

Baada ya miguu ndiyo mikono. Mikono miwili ikae karibu na mashavu. Kidevu kiinamishwe. Ngumi ya kwanza kujifunza ni ile ya mkono wa mbele, inayokwenda moja kwa moja na kurudi shavuni upesi. Ni ngumi nyepesi. Vijana huidharau kwa sababu haimwangushi mtu. Lakini hiyo ndiyo fimbo ya kupima kina cha mto. Inampimia bondia umbali. Inamzuia adui asisogee. Inafungua njia ya mkono wa kulia. Kijana na ajifunze hiyo mwezi mzima, bila kuchoka. Akitoa ngumi, atoe pumzi. Wengi wanaoanza hubana pumzi, na baada ya dakika mbili wamekwisha.

Kuhusu vifaa, tusidanganyane kwamba bila fedha nyingi hakuna mazoezi. Kamba ya kuruka hupatikana. Gunia la kupiga hutengenezwa kijijini. Lijazeni matambara na maranda ya mbao. Msijaze mchanga mtupu. Mchanga hushuka chini, hushikana, na kuwa mgumu kama jiwe. Utavunja vidole. Kabla ya kupiga gunia, funga mikono kwa kitambaa, kuanzia kifundo cha mkono mpaka kwenye vifundo vya vidole. Mabondia wa ridhaa hutumia kitambaa chenye urefu wa mita 2 na nusu hadi mita 4 na nusu. Saa ya simu inatosha kuhesabu raundi. Raundi ya watu wazima ni dakika 3, kisha dakika 1 ya kupumzika. Lakini vitu viwili usivipuuze. Kimoja ni glavu nzuri zenye sufi ya kutosha. Kingine ni kinga ya meno. Asiyekuwa navyo asipigane na mtu. Na apige gunia kwanza, akiweka akiba kidogo kidogo mpaka avinunue.

Nimesikia hoja kwamba kijana wa shamba hana haja ya mazoezi kwa sababu analima. Kulima kunampa nguvu ya mgongo na mabega, kweli. Kunampa uvumilivu. Lakini jembe halimfundishi wepesi. Tena kijana aliyelima tangu alfajiri mpaka saa sita amechoka. Akipigana jioni hiyo, mikono itashuka, na uso utabaki wazi. Wakati wa palizi afanye mazoezi mepesi mara mbili au tatu kwa wiki. Baada ya mavuno aongeze. Chakula chetu kinamtosha akila vizuri. Ugali, maharage, mboga za majani, na dagaa wa Ziwa Nyasa wanaoletwa kutoka Mbamba Bay. Pombe aiweke mbali. Sisemi hivyo kwa sababu za dini. Mtu mwenye ulanzi kichwani hawezi kuona ngumi inayokuja.

Sasa tufike kwenye sparingi. Hili ni neno la mabondia. Maana yake ni kupigana mazoezini na mwenzako. Hapa ndipo vijana wengi huharibiwa, kuliko hata ulingoni. Mwalimu mbaya humchukua kijana mpya na kumweka mbele ya bondia wa zamani. Bondia wa zamani anampiga apendavyo. Mwalimu anaangalia tu. Anasema anampima moyo. Mimi nasema huyo si mwalimu. Angekuwa anafundisha udereva, angempa mwanafunzi lori lenye shehena na kumpeleka mlimani siku ya kwanza.

Sparingi nzuri ina mapatano. Leo mmoja apige mkono wa mbele tu, mwingine akwepe tu. Kesho wabadilishane. Wiki nyingine wapigane mwili tu, kichwa kisiguswe. Wakianza kugusa kichwa, waguse kwa nguvu ndogo. Wavae glavu kubwa na kofia ya kinga. Hata hivyo, fahamu jambo moja kuhusu kofia. Inazuia michubuko na kuchanika. Haizuii ubongo kutikisika. Aliyevaa kofia asijidanganye kwamba sasa anaweza kupokea ngumi zote. Na mzoefu anayefanya sparingi na mgeni ndiye mwenye wajibu wa kupunguza nguvu. Akishindwa kujizuia, atolewe. Nguvu zake ni za kweli, lakini hana adabu ya mchezo.

Kijana atapambana lini mbele ya watu kwa mara ya kwanza? Maoni yangu ni haya. Asipambane kabla ya miezi sita ya mazoezi ya mfululizo. Wengine watasema ni mingi. Mahindi yenyewe yanakaa shambani miezi kadhaa, na hayapigwi na mtu. Siku hiyo ikifika, apambane na mwenzake wa uzito uleule, umri unaokaribiana, na uzoefu unaokaribiana. Asiyewahi kupambana akutane na asiyewahi kupambana. Katika ngumi za ridhaa vijana wa miaka 17 na 18 wana kundi lao. Watu wazima ni kuanzia miaka 19. Haifai kuwachanganya. Uzito upimwe kwa mizani, usikadiriwe kwa macho. Mizani ipo zahanati. Hata ghala la ushirika lina mizani ya kupimia ufuta na mbaazi, nayo inaweza kumpima bondia.

Nimetaja ngumi za ridhaa. Tuzieleze kidogo. Ngumi za ridhaa ni zile za kupigana kwa sifa na medali. Raundi ni tatu tu. Majaji wanahesabu ngumi safi na ufundi, na mtu anaweza kushinda bila kumwangusha mwenzake. Mwamuzi akiona bondia amelewa ngumi, anasimamisha na kuhesabu mpaka nane. Akiona hafai kuendelea, anamaliza pambano. Daktari lazima awepo. Aliyeangushwa kwa kupigwa kichwani anakatazwa kupigana wala kufanya sparingi kwa siku zisizopungua 30. Ngumi za kulipwa ni kazi ya fedha. Raundi ni nyingi zaidi, na mapigo ni mengi zaidi. Anayeanza aanze kwenye ridhaa. Kuruka hatua hiyo ni hatari.

Muhammad Ali alianza kujifunza akiwa na umri wa miaka 12, mwaka 1954, baada ya kuibiwa baiskeli yake. Alitaka kumpiga mwizi. Polisi mmoja aliyekuwa mwalimu wa ngumi alimwambia ajifunze kwanza. Akajifunza. Alifanya mapambano ya ridhaa karibu 100 au zaidi. Mwaka 1960 alipata dhahabu ya Olimpiki mjini Rome. Ndipo akaingia ngumi za kulipwa. Februari 1980 alifika hapa kwetu, Dar es Salaam, akitumwa na Rais wa Marekani kutuomba tususie Olimpiki ya Moscow. Tanzania haikukubali. Wanariadha wetu walikwenda, na Filbert Bayi na Suleiman Nyambui wakarudi na medali za fedha. Lakini mtazame Ali huyo pia kwa upande wa pili. Aliendelea kupigana mpaka mwaka 1981, hata wepesi ulipokwisha kumtoka. Mwaka 1984 madaktari walitangaza ana ugonjwa wa kutetemeka. Aliishi nao mpaka alipofariki mwaka 2016. Bingwa wa kukwepa ngumi kuliko wote hakukwepa zote.

Na sisi tunao wetu. Mwaka 1970 Titus Simba alikwenda Edinburgh katika Michezo ya Jumuiya ya Madola. Alipigana uzito wa kati mpaka fainali. Huko alishindwa na John Conteh wa Uingereza, akapata medali ya fedha. Conteh huyo mwaka 1974 akawa bingwa wa dunia wa kulipwa. Kwa hiyo Simba hakushindwa na mtu mdogo. Mwaka 1998 Michael Yombayomba alipata dhahabu mjini Kuala Lumpur, katika uzito wa bantamu. Huo si uzito wa majitu. Ni kilo 54, chini ya gunia moja la saruji na nusu. Mwaka 2022 mjini Birmingham, Kassim Mbundwike na Yusuf Changalawe walipata medali za shaba. Hawa wote walipita ngumi za ridhaa.

Nataja pia walioshindwa kwa makusudi. Bondia mpya akishindwa pambano la kwanza, kijiji kizima humcheka. Mimi naona tunakosea sana hapo. Kijana anayeogopa kuchekwa hatasema kichwa kinamuuma. Ataficha. Ataomba kupigana tena wiki ijayo afute aibu. Kwa hiyo kicheko chetu kinaweza kumuua. Akishindwa, mwulize ameona nini. Mkono upi ulikuwa unampata? Alichoka raundi ya ngapi? Mwenye majibu amepata faida siku hiyo, hata kama mkono ulioinuliwa si wake.

Hapa ndipo kusoma na kuandika kunapoingia. Wewe sasa unajua kuandika. Bondia anayejua kuandika na awe na daftari. Kila siku ya mazoezi aandike mistari michache. Kwa mfano hivi:

"Tarehe 4 Mei. Uzito kilo 61. Kamba raundi 4. Gunia raundi 3. Sparingi raundi 2. Nikichoka mkono wa kulia unashuka."

"Tarehe 6 Mei. Uzito kilo 61. Kamba raundi 5. Kichwa kiliuma usiku. Leo sikufanya sparingi."

Baada ya miezi mitatu asome tangu mwanzo. Ataona kama mkono bado unashuka. Ataona kama kichwa kimeuma mara moja au mara saba. Kama ni mara saba, daftari limempa habari ambayo rafiki zake hawatampa. Baba au mama akisoma daftari hilo ataelewa. Mganga wa kituo cha afya akilisoma ataelewa pia. Mzee mmoja wa darasani aliniuliza, "Mwalimu, ngumi na daftari wapi na wapi?" Nikamjibu, "Baba, wewe unaandika kilo za ufuta ulizopeleka ghalani ili usipunjwe. Kichwa cha kijana ni kidogo kuliko ufuta?" Alicheka, lakini wiki iliyofuata alimnunulia mjukuu wake daftari.

Wazazi, jueni dalili za hatari. Kijana amepigwa kichwani, kisha anatapika. Au kichwa kinazidi kuuma. Au anasinzia kupita kawaida. Au anauliza jambo moja mara tatu. Au mboni ya jicho moja imekuwa kubwa kuliko ya pili. Au anatetemeka kama mwenye degedege. Msimwache alale mkisema atapumzika. Mpelekeni kituo cha afya upesi, na mkiambiwa hospitali ya mkoa Songea mjini, nendeni usiku huohuo.

Tena msidhani nasema habari za wavulana peke yao. Tangu mwaka 2012 wanawake wanapigana ngumi katika Olimpiki. Binti akitaka kujifunza, sheria ni zilezile na tahadhari ni zilezile. Nimeona akina mama wakibeba debe la maji kichwani na mtoto mgongoni huku wakipanda mlima. Sioni kwa nini tuseme mwili wao hauwezi mazoezi.

Kama Mpitimbi kuna vijana kumi wanaotaka ngumi, wasijifiche nyuma ya mashamba. Wakae na serikali ya kijiji. Wamwone afisa michezo wa wilaya. Yeye atawaeleza namna ya kusajili klabu. Atawaelekeza kwa chama cha ngumi na kwa mwalimu anayetambuliwa. Baraza la Michezo la Taifa lipo kwa sheria tangu mwaka 1967, na vyama vya michezo vinapaswa kusajiliwa. Klabu iliyosajiliwa inaweza kuomba msaada. Kundi la vichochoroni haliwezi.

Najua pia kwamba siku moja mtu atakuja na gari. Atamwambia kijana, "Nimekuona. Twende, kuna pambano Jumamosi, kuna fedha." Atatoa karatasi na kalamu. Zamani angetoa kidau cha wino, na kijana angeweka dole gumba. Sasa kijana anajua kusoma. Basi na asome. Karatasi inasema atapigana na nani, wa uzito gani, aliyepambana mara ngapi? Raundi ngapi? Daktari ni nani, na gari la kumpeleka hospitali litakuwepo? Akiumia, nani atalipa matibabu? Nauli ya kurudi Mpitimbi iko wapi? Kama jambo moja halimo, aseme liandikwe. Kama mwenye gari anakasirika na kusema hakuna muda wa kusoma, kijana arudishe kalamu.

Aitunze nakala ya karatasi hiyo ndani ya daftari lake, na nyingine amwachie mama yake.